Chama cha madalali kinapoomba kwa jina la mwenye nyumba

Mleta mada

Heshima kwenu wakuu. Hoja hii imenikereketa muda mrefu, naomba tuijadili kwa uwazi.

Madalali wa nyumba Marekani wana chama chao cha kitaifa, National Association of Realtors, kilichozaliwa Chicago mwaka 1908. Wanachama wake ni karibu milioni moja na nusu. Mwaka 2022 pekee kilitumia zaidi ya dola milioni 80 kushawishi serikali na wabunge. Hakuna kampuni moja ya mafuta au ya dawa iliyokifikia.

Sina ugomvi na watu kuungana. Mwamba ngoma huvutia kwake, na sitegemei madalali waende bungeni kutetea wavuvi. Ninachokataa ni hiki: chama kikienda kuomba hakisemi "tupeni sisi." Kinasema "mpeni mwenye nyumba," "mpeni kijana anayenunua nyumba yake ya kwanza." Ukizifuata fedha hatua kwa hatua unakuta zimetua kwingine.

Chukueni nafuu ya kodi kwa riba ya mkopo wa nyumba. Kodi ya mapato ilipoanza mwaka 1913, riba ya kila aina ya mkopo iliondolewa kwenye kipato kinachotozwa. Mwaka 1986 Bunge likafuta nafuu hiyo kwa mikopo ya magari na ya kadi, ya nyumba ikabaki. Mwaka 2017 ikaja sheria ya kupunguza ukomo wa mkopo unaopewa nafuu, kutoka dola 1,000,000 hadi 750,000, na kukaribia kuongeza maradufu kiasi ambacho kila mlipakodi anakatiwa bila kuorodhesha chochote. Chama kilipinga kwa nguvu zote, kikaonya kwamba thamani ya nyumba ingeweza kushuka kwa zaidi ya asilimia 10.

Lisomeni onyo hilo polepole. Ikiwa kupunguza nafuu kunashusha bei, basi nafuu ilikuwa ndani ya bei. Yule kijana anapokea kwa mkono wa kulia kutoka kwa serikali, anamkabidhi muuzaji kwa mkono wa kushoto. Na dalali, ambaye kwa miaka mingi kamisheni ilikuwa asilimia 5 hadi 6 ya bei, anapanda pamoja na bei. Mpangaji haambulii kitu, ila analipa kodi ya serikali kama wengine ili pengo lizibwe.

Swali langu: kuomba ruzuku kwa jina la mtu ambaye unajua haitamfikia, ni uadilifu? Msinijibu kuwa ni halali. Najua ni halali.

Dalali

Mkuu, mimi nina leseni ya kazi hii huko huko Marekani na ada ya chama nalipa kila mwaka, kwa hiyo unanisema mimi. Nitajibu bila hasira.

Kwanza, unazungumza kana kwamba mwenye nyumba na dalali ni maadui. Mwenye nyumba aliyenunua mwaka jana alinunua kwa bei ambayo nafuu imo ndani yake. Ukiifuta leo, nyumba yake inashuka thamani na deni la benki halishuki. Huyo si tajiri wa kwenye magazeti, ni muuguzi, ni dereva wa basi. Chama kilipoonya kuhusu asilimia 10 kilikuwa kinamsemea huyo, na kilisema kweli kwamba ataumia.

Pili, wanaotuchukia hawasemi tunalofanya kwa wasio na sauti. Wakati wa janga la korona, chama kilishinikiza serikali kuu itoe fedha za kuwasaidia wapangaji walioshindwa kulipa pango. Jumla ilifika zaidi ya dola bilioni 46. Kuna familia ambazo hazikutupwa nje kwa sababu ya fedha hizo.

Tatu, asilimia 6 hiyo ni hadithi iliyopita. Tangu Agosti 2024 mambo yamebadilika.

Mpangaji

Kaka dalali, hapo kwenye korona naomba umalizie habari yenyewe. Ni kweli mliomba fedha za pango, na ni kweli zilisaidia. Lakini zilikuwa zinaishia kwa nani? Kwa mwenye nyumba. Mpangaji alikuwa njia tu.

Serikali ilipiga marufuku kuwafukuza wapangaji kuanzia Septemba 2020. Walioipeleka mahakamani ni nani? Vyama vya madalali vya Alabama na Georgia, pamoja na wenye majengo. Tarehe 26 Agosti 2021 Mahakama ya Juu ikafuta marufuku hiyo kwa majaji 6 dhidi ya 3, wakati sehemu kubwa ya fedha za msaada ilikuwa bado imekwama kwenye ofisi za majimbo. Kama kweli mlikuwa mnatusemea, kwa nini hamkungoja fedha zifike kwanza?

Sisemi wenye nyumba hawakuwa na madai. Kukaa mwaka mzima bila kulipwa wakati benki inakudai si jambo dogo. Ninachosema ni kwamba mkono ulioomba na mkono ulioshtaki ulikuwa mmoja, na katika yote mawili fedha zilielekea upande uleule.

Mhasibu

Ndugu mleta mada, umeanza na nafuu ya riba kwa sababu ndiyo maarufu, lakini siku hizi huo ni mfupa. Baada ya sheria ya 2017, walipakodi wanaoorodhesha makato yao, badala ya kuchukua kile kiasi cha jumla, walishuka kutoka karibu watatu katika kumi hadi karibu mmoja katika kumi, na asiyeorodhesha hapati nafuu hiyo hata kama anadaiwa mkopo. Waliobaki nayo ni wa kipato cha juu. Nyama iko kwenye majengo ya biashara.

Kuna kifungu cha 1031 cha sheria ya kodi ya Marekani. Ukiuza hisa kwa faida, unalipa kodi. Ukiuza jengo la kupangisha kwa faida, ukataja jingine ndani ya siku 45 na kulinunua ndani ya siku 180, kodi inasubiri. Ukirudia, inasubiri tena. Ukifa, warithi wako wanahesabiwa kana kwamba wamelipata jengo kwa thamani ya siku ya kifo, na ile kodi iliyosubiri miaka thelathini inafutika. Kanuni hiyo ilianza mwaka 1921, na kwa muda mrefu iliwahusu pia wenye malori, mashine na mifugo. Sheria ya 2017 iliwatoa hao wote. Ardhi na majengo vikabaki peke yake.

Ongeza uchakavu. Jengo la makazi ya kupangisha linahesabiwa kuchakaa kwa miaka 27 na nusu, hata kama kila mwaka linapanda bei. Kwenye vitabu mwenye jengo anaonekana amepata hasara, kwenye akaunti yake ya benki ana faida. Mwaka 1986 Bunge lilizuia watu kutumia hasara za namna hiyo kupunguza kodi ya mapato yao mengine. Mwaka 1993 likafungua mlango tena, ila kwa wale tu ambao kazi yao kuu ni biashara ya majengo.

Kuna watakaosema kuachiwa kodi si ruzuku, ni fedha ya mtu mwenyewe. Mimi nimehesabu vitabu vya watu muda mrefu na sikubaliani. Watu wawili wana kipato sawa, mmoja anaachiwa kwa sababu kipato chake kimetoka kwenye ghorofa. Mwingine ndiye anayebeba pengo. Jina lake liwe lolote, uzito ni uleule.

Dalali

Mhasibu, hapo kwenye 2017 umeacha kitu. Wenye mashine na malori walipotolewa kwenye kifungu hicho, sheria ileile iliwaruhusu kukata gharama yote ya mashine mwaka wa kwanza. Majengo hayakupewa hilo. Haikuwa zawadi kwetu na adhabu kwao.

Mhasibu

Nakubali, nilipaswa kusema. Lakini kukata gharama mapema ni kuahirisha kodi, na muuza lori atakuja kulipa anapoliuza. Kwenye majengo kuahirisha kunaweza kugeuka kuwa kufutiwa. Hiyo ndiyo tofauti ninayoisemea, na ndiyo wanayoilinda washawishi kila linapokuja pendekezo la kuibana.

Fundi ujenzi

Wakuu, nimefanya kazi kwenye maeneo ya ujenzi Uingereza, na huko yapo ya kujifunza, mema na mabaya.

Jema kwanza. Uingereza nao walikuwa na nafuu ya riba ya mkopo wa nyumba. Waliibana kidogo kidogo kwa miaka mingi, wakaifuta kabisa Aprili 2000. Umiliki wa nyumba haukuporomoka. Kwa hiyo yule muuguzi wa kaka dalali analindwa kwa kwenda taratibu, si kwa kuacha mambo yalivyo milele. Denmark pia walipunguza thamani ya nafuu yao mwaka 1987, hasa kwa wenye kipato kikubwa. Wachumi waliowafuatilia watu hao kwa miaka hawakuona idadi ya wenye nyumba ikipungua. Kilichopungua ni ukubwa na bei ya nyumba walizonunua. Nafuu ilikuwa inanunua vyumba vya ziada kwa watu ambao wangenunua nyumba hata hivyo.

Baya sasa. Mwaka 2013 ulikuja mpango wa Help to Buy. Serikali ilimkopesha mnunuzi hadi asilimia 20 ya bei, London baadaye hadi 40, na mkopo huo ulikuwa wa nyumba mpya tu. Nyumba mpya zinajengwa na nani? Makampuni makubwa machache. Mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali alitoa ripoti mwaka 2019 kwamba karibu watatu katika kila wanunuzi watano wangeweza kununua nyumba bila mpango huo. Wakati huohuo, kampuni ya Persimmon, ambayo karibu nusu ya nyumba zake ziliuzwa kupitia mpango, ilimlipa mkuu wake Jeff Fairburn bonasi ya takriban pauni milioni 75. Ilikuwa iwe zaidi ya milioni 100, ikapunguzwa baada ya kelele, na Novemba 2018 ikatangazwa kwamba ataondoka.

Nilikuwa nabeba matofali kipindi hicho. Ujira wangu haukuongezeka. Naomba mtu anionyeshe ni wapi neno "mnunuzi wa kwanza" linaingia kwenye hizo pauni milioni 75.

Mwanasheria

Mleta mada umesema tusikujibu kwa uhalali, lakini uhalali wenyewe una jambo la kutufundisha hapa.

Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi kati ya makampuni ya reli na wenye malori. Makampuni ya reli yalikuwa yameungana kuendesha kampeni ili serikali za majimbo ziwabane wenye malori, na kampeni ilifichwa ionekane kama sauti ya vikundi vya raia vinavyojitegemea. Mahakama ilisema sheria ya ushindani haizuii watu kuungana kuiomba serikali, hata kama nia yao ni kumuumiza mshindani. Kuhusu kule kuvaa sura ya raia, haikuusifu, ila ilisema hilo ni suala la maadili ya siasa, si la sheria ile. Yaani swali la mleta mada mahakama ililiona zaidi ya miaka sitini iliyopita, ikalirudisha kwa wananchi.

Mimi natetea uamuzi huo. Haki ya kuiomba serikali ndiyo wanayotumia pia wapangaji, walimu na wagonjwa. Ukianza kupima nani nia yake ni safi, watakaonyamazishwa mwanzo ni wasio na mawakili.

Lakini haki ya kuomba haina ndani yake haki ya kusaidiwa kuomba. Kifungu cha kodi kinachosamehe vyama vya kibiashara kinataja bodi za biashara ya majengo kwa jina, kando ya mabaraza ya wafanyabiashara. Ni sekta chache sana zimetajwa hivyo. Kuna na suala la ada. Mwaka 1990 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba chama cha mawakili wa California, ambacho wakili analazimika kujiunga nacho, hakiwezi kutumia ada ya lazima kwa siasa zisizohusu kusimamia taaluma. Chama cha madalali si chombo cha serikali, kwa hiyo uamuzi huo haukifungi. Ila dalali wa kawaida, katika maeneo mengi, hawezi kufika kwenye orodha ya pamoja ya nyumba zinazouzwa bila kuwa mwanachama. Asipoifikia orodha hiyo, hana kazi. Sasa huyo amejiunga kwa hiari kiasi gani?

Mwalimu wa historia

Dada mwanasheria amegusa pale hasa ninapoumia.

Mwaka 1924 kanuni za maadili za chama hiki ziliandikwa kwamba dalali asiwe chanzo cha kuingiza mtaani watu wa rangi au taifa ambao kuwepo kwao kutashusha thamani ya nyumba. Mlisikia? Kanuni za maadili. Aliyemuuzia mtu mweusi nyumba kwenye mtaa wa weupe ndiye aliyekuwa mkosefu. Kutaja rangi kuliondolewa mwaka 1950. Madalali weusi waliofungiwa mlango walianzisha chama chao mwaka 1947.

California ilipitisha sheria ya kuzuia ubaguzi kwenye nyumba mwaka 1963. Chama cha madalali cha jimbo kikaongoza kampeni ya kura ya maoni kuiua, na mwaka 1964 wapiga kura karibu wawili katika kila watatu wakakubaliana nacho. Kampeni ilinadiwa kama kutetea haki ya mwenye nyumba kuuza kwa amtakaye. Mwenye nyumba, tena! Mahakama ya California ikaibatilisha mwaka 1966, Mahakama ya Juu ya nchi ikathibitisha 1967. Sheria ya kitaifa ya 1968 nayo chama kiliipinga. Novemba 2020, rais wa chama wakati huo, Charlie Oppler, aliomba radhi hadharani.

Radhi ile naiheshimu, na chama cha leo kinaunga mkono sheria kilichokuwa kinaipinga. Lakini fikirieni dalali wa mwaka 1964 aliyeona dhambi ile waziwazi na bado ada yake ikachapisha mabango. Huyo aliombwa radhi na nani? Jina la "mwenye nyumba" limewahi kutumika kufunika jambo ambalo leo hakuna anayethubutu kulitetea. Ndiyo maana nikilisikia limetangulizwa mbele ya maombi, nauliza nyuma yake kuna nani.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Kaka dalali, kuhusu muuguzi wako umenisogeza: sitaki kufuta nafuu kwa usiku mmoja, njia ya Uingereza ya kwenda pole pole inanitosha. Kuhusu Agosti 2024, niseme kwa ajili ya wasiojua. Oktoba 2023 baraza la wazee wa mahakama huko Kansas City, Missouri, lilikuta chama na makampuni kadhaa ya udalali na hatia ya kula njama kuhusu kamisheni, fidia ikawekwa karibu dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama kikakubali kulipa dola milioni 418 na kubadilisha kanuni: ofa ya kamisheni ya dalali wa mnunuzi isiwekwe tena kwenye orodha ya pamoja, na mnunuzi asaini mkataba wa maandishi na dalali wake kabla ya kutembezwa. Waliofungua kesi hiyo ni watu waliouza nyumba zao. Wale ambao chama kilikuwa kinawasemea bungeni ndio waliokishtaki.

Na kuna pale ambapo jina la mnunuzi lilitumika kumzuia mshindani asiingie. Mwaka 2001 wasimamizi wa benki walipendekeza kampuni kubwa za benki ziruhusiwe kufanya udalali wa nyumba. Chama kilipambana, Bunge likazuia pendekezo mwaka hadi mwaka kuanzia 2003, na 2009 likalizika kabisa. Inawezekana benki zingeleta mabaya yake, sibishi. Lakini mnunuzi hakuulizwa kama angependa mtu wa tatu wa kushindania kamisheni.

Sasa naomba nikuulize wewe binafsi, kaka. Sehemu ya ada inayokwenda kwenye ushawishi inajulikana, kwa sababu tangu sheria ya 1993 huruhusiwi kuikata kwenye kodi na chama lazima kikuambie ni kiasi gani. Kwa hiyo hesabu ipo. Wakikupa ruhusa ya kuilipa au kutoilipa, orodha ya nyumba ukabaki nayo, ungefanyaje?

Dalali

Umeniuliza wazi, nami nitajibu wazi. Ada ya kitaifa ni dola 156 kwa mwaka, haijumuishi za jimbo na za mtaa. Ningetaka niulizwe kila mwaka, na niwekewe orodha ya yale yanayokwenda kuombwa. Mwaka 2021 ningelipia maombi ya fedha za pango. Kesi ya Alabama nisingeilipia, kwa sababu dada mpangaji ana haki: fedha zilikuwa njiani. Kuhusu kifungu cha 1031 sijui wateja wangu hata mmoja aliyewahi kukitumia, wote wananunua nyumba ya kuishi.

Hoja hii nitaipeleka kwenye mkutano wa chama chetu cha mtaa. Wapo watakaonikasirikia.